Jinsi ya Kufuatilia Mubashara Urushaji wa Chombo Chenye Wanaanga: Somo la Hatua kwa Hatua

Watu wengi hufungua matangazo dakika moja kabla ya injini kuwaka, hutazama moto na moshi, kisha huyafunga. Wakati huo sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha fanyika, na maamuzi mazito kuliko yote huwa yamepita bila wao kuyaona. Somo hili ni la mtu anayetaka kuelewa kinachotendeka mbele yake, nami nimelipanga kwa kufuata swali moja ambalo naomba uliulize katika kila hatua: likitokea tatizo sasa hivi, wanaanga watatokaje? Setilaiti ikipotea, hasara huhesabiwa kwa fedha. Wanapokuwamo watu, roketi, mnara, hali ya hewa na hata mawimbi ya bahari iliyo mbali huangaliwa kwa kuzingatia jibu la swali hilo.

Hatua ya 1: Pata chanzo rasmi na saa sahihi

Kwa safari zinazoihusu NASA, tumia NASA+ au chaneli ya NASA iliyoko YouTube. SpaceX, kampuni binafsi ya Marekani, hurusha matangazo kwenye tovuti yake na kwenye mtandao wa X. Kwa Soyuz, chombo cha Urusi, tafuta Roscosmos, shirika la anga la nchi hiyo, na kwa Shenzhou, chombo cha China, tafuta televisheni za CCTV au CGTN za huko. Jihadhari na chaneli zinazojibandika majina ya mashirika haya, zinazorudia picha za zamani na kuwaahidi watazamaji kuwazidishia sarafu za kidijitali. Huo ni utapeli, na hushamiri hasa siku za urushaji.

Muda hutangazwa kwa saa za mahali roketi ilipo au kwa UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa. Geuza mapema kwa saa zako, na ukumbuke kwamba tarehe nayo inaweza kuhama: safari ya Crew-1, iliyotumia chombo cha Crew Dragon cha SpaceX, iliruka jioni ya tarehe 15 Novemba 2020 huko Florida, ilhali kwa UTC ilikuwa tayari tarehe 16.

Hatua ya 2: Jua ni chombo gani kinachoruka

Roketi ya Falcon 9, inayobeba chombo cha Crew Dragon, hujazwa mafuta wakati wanaanga wamo ndani tayari. Soyuz inayoruka kutoka Baikonur, Kazakhstan, hujazwa kwanza, ndipo wanaanga wapande. Na roketi ya Atlas V iliyobeba chombo cha Starliner mwezi Juni 2024 ilifuata utaratibu huo huo wa kujaza kwanza. Tofauti hii ndogo hubadilisha ratiba nzima utakayoitazama, na hubadilisha pia jibu la swali letu.

Hatua ya 3: Fungua matangazo mapema

Saa tatu kabla ya kuruka si mapema mno. Utaona mavazi yakikaguliwa iwapo yanavuja, wanaanga wakipita kwenye daraja la mnara, wakifungwa mikanda, na mlango ukifungwa na kupimwa. Usiruke sehemu ya mlango. Katika Crew-1 kipimo kilionyesha kwamba hewa ilikuwa ikipungua kidogo mno, mlango ukafunguliwa tena, ukingo wake ukasafishwa, ukafungwa upya, na bado roketi iliruka kwa wakati. Katika kipindi hiki njia ya kutoka ni kutembea: mlango hufunguliwa, wanaanga hurudi kwa daraja, na kwenye jukwaa la 39A huko Florida viliwekwa vikapu vinavyoteleza kwenye waya kuwapeleka mbali na roketi.

Hatua ya 4: Kaa makini katika dakika 45 za mwisho

Hapa ndipo kitovu cha somo, nami nitatumia Crew Dragon kama mfano. Zikiwa zimesalia dakika 45 hivi, mkurugenzi wa urushaji huwauliza wasimamizi kama wako tayari kuanza kujaza mafuta. Dakika chache baadaye daraja huondolewa, na tangu hapo hakuna tena njia ya kutembea. Takriban dakika 38 kabla ya kuruka, mfumo wa kujinasua huwekwa tayari: injini 8 za SuperDraco zilizomo ubavuni mwa chombo zinaweza kukirusha mbali na roketi wakati wowote. Mfumo huo ukishakuwa tayari, ndipo mafuta ya taa yaliyosafishwa na oksijeni kimiminika huanza kuingia, dakika 35 kabla. Mpangilio huo unasema mengi: hakuna tone linaloingia kabla ya wanaanga kuwa na namna ya kuondoka kwa kasi.

Oksijeni ya Falcon 9 hupozwa kupita kawaida ili nyingi zaidi iingie kwenye tangi. Ikikaa, hupata joto na kutanuka, na ndiyo sababu hesabu ya kurudi nyuma haiwezi kusimamishwa kwa muda mrefu. Dakika 5 kabla, chombo hutumia umeme wake chenyewe. Dakika 1 kabla, kompyuta za roketi huanza ukaguzi wa mwisho. Na sekunde 45 kabla, mkurugenzi hutoa ruhusa ya mwisho kwa sauti unayoweza kuisikia.

Hali ya hewa inahitaji maelezo ya peke yake. Tarehe 14 Novemba 1969 Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza ya safari, na leo kanuni za umeme wa angani ni kali sana. Hata hivyo, asilimia ya hali nzuri ya hewa inayotangazwa huhusu eneo la jukwaa tu. Kwa kuwa Dragon inaweza kulazimika kushuka baharini mahali popote njiani kuvuka Atlantiki, upepo na mawimbi ya njia nzima hupimwa pia, wala hayamo katika asilimia hiyo. Unaweza kuona anga lisilo na wingu Florida na bado safari ikaahirishwa.

Ikiahirishwa, nawasihi msifunge matangazo. Tarehe 27 Mei 2020, safari ya kwanza ya Crew Dragon yenye watu ilisimamishwa zikiwa zimesalia takriban dakika 17. Bob Behnken na Doug Hurley walibaki vitini mwao, mfumo wa kujinasua ukiwa bado tayari, hadi mafuta yalipotolewa. Daraja lilirudi baada ya hapo. Kwangu mimi kipindi hicho hufundisha zaidi kuliko moto wenyewe.

Hatua ya 5: Fuata safari ya kwenda juu

Takriban dakika moja baada ya kuruka utasikia wakitaja Max-Q, yaani pale ambapo mgandamizo wa hewa juu ya roketi unafikia kilele. Baada ya dakika 2 na nusu hivi injini za sehemu ya kwanza huzimwa, sehemu mbili hutengana, na injini ya sehemu ya pili huwaka. Karibu dakika ya 9 chombo huwa kimefika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka Dunia, na karibu dakika ya 12 Dragon hujitenga na roketi. Wakati wote huo chombo kina njia ya kujinasua, ingawa namna yake hubadilika kadiri kimo kinavyoongezeka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Soyuz MS-10, tarehe 11 Oktoba 2018. Mnara wa kuokolea, yaani roketi ndogo ya kujinasua iliyo kwenye ncha ya juu, ulikuwa umekwisha tupwa pale roketi za pembeni zilipotengana vibaya, lakini kulikuwa na injini nyingine kwenye ganda linalofunika chombo, nazo zikakivuta hadi mahali salama. Alexey Ovchinin na Nick Hague walitua wazima, na mwezi Machi 2019 waliruka tena pamoja.

Hatua ya 6: Subiri kuunganishwa

Kufika kwenye mzingo ni nusu ya safari. Soyuz inaweza kukifikia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa takriban saa 3, ilhali Dragon kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi, pengine hata siku nzima. Baada ya kuunganishwa, milango hufunguliwa tu pale uvujaji ukishapimwa.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu, kwa nini muda wa kuruka huwa ni sekunde moja maalumu, na ukiahirishwa hausogei kwa saa kamili?*

Kituo huzunguka katika mzingo ulioinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, na roketi inapaswa kuruka pale Dunia inapolizungusha jukwaa hadi chini ya mzingo huo. Mzingo wenyewe nao huhama polepole, kwa hiyo nafasi hujirudia mapema kidogo kila siku. Behnken na Hurley walipaswa kuruka saa 20:33 UTC tarehe 27 Mei. Waliporuka tarehe 30, ilikuwa saa 19:22. Ni tofauti ya dakika 71 kwa siku 3.

*Kwa nini mwenzangu hushangilia kabla roketi yangu haijaruka? Kuna matangazo mawili?*

Ni yale yale, ila hukufikia yakiwa yamechelewa kwa sekunde kadhaa, na kila njia ina ucheleweshaji wake. Fuata saa iliyo kwenye skrini yako, wala usiamini hesabu inayoandikwa na watazamaji wengine.

*Ndugu zangu, nina watoto wanaopenda mambo ya anga. Je, ni sawa kuwaacha watazame mubashara, nikikumbuka yaliyotokea zamani?*

Swali hili ni la haki kabisa. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger, mojawapo ya vyombo vya Marekani vya Space Shuttle, ilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wanafunzi wengi walikuwa wakitazama kwa sababu mwalimu Christa McAuliffe alikuwamo. Maoni yangu ni kwamba watazame, lakini pamoja na mtu mzima aliyewaeleza mapema kwamba kazi hii ina hatari halisi, na kwamba watu wengi wamejipanga kuipunguza. Waonyeshe mfumo wa kujinasua. Space Shuttle haikuwa na mfumo wa namna hiyo. Likitokea baya, zima skrini na ukae nao, na usirudie picha.

*Je, nitakiona chombo chenyewe kwa macho?*

Wakati wa kuruka, ni wale walio karibu na njia yake tu. Ila kikishaunganishwa na kituo, unaweza kukitazama kituo chenyewe kikipita kama nyota yenye mwendo, muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. NASA hutoa ratiba ya mapito hayo kwa miji mingi duniani.

*Intaneti yangu ni dhaifu. Nifanyeje?*

Shusha ubora wa picha hadi kiwango cha chini kabisa na uipe sauti kipaumbele, kwa sababu karibu kila uamuzi hutamkwa. Picha zikikwama kabisa, fuata taarifa za maandishi kwenye tovuti ya NASA, na baadaye utazame rekodi kuanzia dakika 45 kabla ya kuruka.