Ukikuta mdomo wa tanki umezibwa, usiwashe gari

Mfuniko wa tanki umevunjwa na ndani kuna mchanga, kitambaa au gundi. Usiguse ufunguo kabisa. Magari mengi ya sindano (injini inayonyunyiziwa mafuta, injection), ukifika tu kwenye ON pampu inaanza kuvuta, na uchafu ulioingia unakwenda moja kwa moja kwenye pampu na filta. Chomoa terminali hasi ya betri.

Piga picha kwanza, kisha polisi wakupe RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Mwenye bima kubwa ataihitaji. Ile ya mtu wa tatu kwa kawaida hailipii uharibifu huu.

Halafu kuna wanaochokonoa kwa waya. Jamani, acheni! Mnasukuma uchafu ndani ya tanki. Na mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani ni hatari zaidi: mota yake inatoa cheche, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya hapo.

Fundi afungue paipu ya kujazia. Kwenye gari nyingi inafikika nyuma ya plastiki ya tairi la nyuma: bolti chache, klampu mbili za mpira, inatoka. Kizibo kikiwa kimeishia humo, umepona. Kama chembe zimefika chini, tanki lishushwe na lioshwe.

Wakikuwekea sukari, nayo haiyeyuki kwenye petroli, inatuama chini. Gari ambalo halijawashwa linasafishika vizuri, kwa hiyo livuteni hadi gereji.