Chora familia yako kabla ya kusema "ndivyo nilivyo"

Nilikuwa na miaka 26. Mwenzangu wa chumba aliangusha glasi jikoni, nami huko nilikolala nikapaza sauti: "Samahani!" Akaja mlangoni. "Samahani ya nini? Kwani umeivunja wewe?" Nikakosa jibu. Usiku ule nikachukua karatasi, nichore familia yangu nione tabia hiyo niliitoa wapi.

Nawe chukua yako, pamoja na penseli yenye kifutio, maana utafuta sana. Mwanamke ni duara, mwanamume ni mraba. Aliyefariki mpige alama ya X. Watoto wapange chini ya wazazi, mkubwa akianzia kushoto. Anzia kwa bibi na babu, la sivyo utaishia kumlaumu mama. Shangazi aliyekulea aingie, ndugu wa kambo pia. Wataalamu huuita mchoro huu jenogramu.

Sasa mahusiano: wanaogombana waunganishe kwa mstari wa zigizaga, waliotengana kimoyo kwa vitone. Hapa usiharakishe. Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, alieleza kwamba watu wawili wakivutana humwingiza wa tatu ili presha ipungue. Zitafute pembetatu hizo, uone nani kabanwa kwenye kona ya tatu. Katika nne nilizozipata, tatu nilikuwemo mimi. Wazazi wakinuniana, maneno yalipitia kwangu: "Kamwambie baba yako..." Nikiwa na miaka tisa nilishajua kuyalainisha nikiwa bado kwenye korido. Ukubwani nikauita huo upole wangu.

Kando ya duara lako au mraba wako andika vitenzi tu: nilipatanisha, nililea wadogo, nilichekesha, nilinyamaza. "Mimi ni mpole" futa.

Futa na "kwa sababu ni kifungua mimba". (Hili liliniuma, nilikuwa nalipenda.) Utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani uliona kuwa nafasi ya kuzaliwa karibu haigusi kabisa haiba ya mtu. Kazi uliyobebeshwa nyumbani ndiyo ya kuiangalia, hata kama wewe ni wa mwisho.

Halafu chagua kitenzi kimoja, ukiache kwa wiki moja. Nilianza na simu ya mama. Alipofika kwenye "hebu mwambie kaka yako", nikasema, "Mama, mpigie tu mwenyewe, atapokea." Kimya. Nikasikia anavuta kiti, anakaa. Kisha akaniuliza kama huku mvua imenyesha.