Kabla Hujaandika Taski ya Kwanza kwenye Mfumo Endeshi wa Wakati Halisi

Wengi hudhani mfumo endeshi wa wakati halisi maana yake ni kasi. Sivyo. Kinachotakiwa ni kutochelewa: kazi iliyopewa milisekunde 5 iishe ndani ya hizo 5, hata kifaa kikielemewa. Kwa hiyo kabla ya kupakua FreeRTOS au Zephyr, ambayo ni mifumo endeshi ya aina hiyo, andika kila kazi ya kifaa chako: inarudiwa kila baada ya muda gani, inachukua muda gani ikizidiwa, na ikichelewa kunatokea nini. Halijoto ikichelewa kuonekana kwenye skrini haidhuru. Mota ikichelewa kusimama mkono wa mtu ukiwa umebanwa, ni balaa. Muda wenyewe usiukisie. Washa pini ya chipu kazi inapoanza, izime inapoisha, upime kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme. Ukikuta kazi ni mbili tu na hazigombanii muda, kitanzi cha kawaida kinatosha.

Vipaumbele, yaani taski (kazi inayoendeshwa na mfumo) ipi itangulie ipi, ndivyo vinavyohitaji utulivu zaidi. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilitua salama kwenye Mirihi, kisha kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Taski ya kipaumbele cha chini, ya data za hali ya hewa, ilishika myuteksi, yaani kufuli inayoshikwa na taski moja tu kwa wakati mmoja. Taski ya juu, ya kusimamia basi la data (njia ya kupitishia data kati ya sehemu za chombo), ikabaki inaungoja. Taski za kati, zisizohusika kabisa na myuteksi huo, zikaingia na kuinyima ile ya chini nafasi ya kumaliza. Mfumo ukaona kazi ya basi haijakamilika kwa wakati, ukajianzisha upya. Wahandisi waliirudia hitilafu hiyo duniani, wakatuma badiliko dogo: urithi wa kipaumbele, yaani anayeshika myuteksi apandishwe daraja hadi auachie. Kwenye FreeRTOS myuteksi una urithi huo, semafo ya kawaida, ishara ya kuruhusu taski iendelee au isubiri, haina. Chagua ukijua.

Ukatizaji, yaani msimbo unaosimamisha taski kwa muda tukio kama kuingia kwa data linapotokea, uwe mfupi: pokea baiti, iweke kwenye foleni, toka. Uchambuzi ufanywe na taski.

Halafu kumbukumbu. Kila taski ina steki yake, sehemu ya kumbukumbu ya kuweka data zake za muda, na chipu kama STM32F103C8 ina RAM ya kilobaiti 20 tu. Angalia vipimo: FreeRTOS ya kawaida huhesabu steki kwa maneno, ambayo kwenye chipu hiyo ni baiti 4 kila moja, ilhali ile ya chipu ya ESP32 huhesabu kwa baiti. Ukihamisha namba 512 kutoka ya kwanza kwenda ya pili, umeikata steki hadi robo. Weka configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW, mpangilio wa FreeRTOS wa kukagua steki iliyofurika, iwe 2 tangu siku ya kwanza.