Kabla ya Kulitamka Hepatosplenomegaly Kwenye Raundi

Mwanafunzi wa tiba hapa Mombasa mwenye raundi ya wodi asubuhi na aliandae neno hepatosplenomegaly, yaani kukua kwa ini na bandama, usiku. Lina silabi nane, na ulimi uliozoea Kiswahili hulikosea mahali palepale.

Anza na kalamu, si mdomo. Likate: hepat, splen, megaly, na katikati yake o mbili za kuunganishia. Hepat ni ini. Splen ni bandama, au wengu. Megaly inatokana na megas ya Kigiriki, yaani kubwa. Hesabu p: ziko mbili, na ile ya splen ndiyo hudondoka. Kosa baya kuliko yote ni kuandika hemato badala ya hepato. Hemato ni damu, na atakayesoma faili ataelekea kwingine kabisa.

Ile o huachwa kiambishi tamati kikianza na irabu, kwa hiyo tunapata hepatitis, si hepatoitis. Vivyo hivyo splenectomy, ambayo ni kuondoa bandama kwa upasuaji. Usiichanganye na splenomegaly: huku bandama limekua, kule halipo tena.

Sasa tamka: he-pa-to-splii-no-ME-ga-li. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi husema me-GA-li. Hapa mkazo uko kwenye ya tatu kutoka mwisho. Spl nayo hutoka kwa pumzi moja. Ukisema si-pi-lii umeongeza silabi mbili. Jifunze kutokea nyuma: ME-ga-li, kisha no-ME-ga-li, kisha splii-no-ME-ga-li, hadi ufike mwanzo bila kuhamisha mkazo.

Usilitamke kama huna sentimita mkononi, yaani kiungo kimevuka mbavu kwa kiasi gani. Ini hupimwa chini ya mbavu za kulia, bandama chini ya za kushoto. Kupapasa bandama, anzia sehemu ya chini ya tumbo upande wa kulia, kisha panda kimshazari kuelekea mbavu za kushoto. Ukianzia juu, mkono unaweza kutua juu ya bandama kubwa na usihisi ukingo wake.

Mama aliyevuka na feri kutoka Likoni na mtoto mgongoni hahitaji silabi nane. Mwambie: “Mama, ini na bandama la mtoto vimekua kuliko kawaida. Tutampima damu tuangalie malaria na selimundu.”