Stockholm kwa siku moja: visiwa vitatu vinatosha

Habari zenu wadau, kuna watu kibao wananiuliza mtu akipita Stockholm siku moja tu azunguke wapi, basi naliweka somo hapa moja kwa moja. Hii ni ya kiangazi, Juni mpaka Agosti. Mji umejengwa juu ya visiwa 14 na wageni wengi wanamaliza siku wakirukaruka tu, mimi nasema shika vitatu na uvione kweli.

Hatua ya 1: Nauli
Gusisha kadi ya benki kwenye geti la treni, imetosha, tiketi inaishi dakika 75, basi, treni na ile boti ya kwenda kisiwa cha Djurgården zote humohumo. Kubadilisha pesa msihangaike, sehemu nyingi hawapokei keshi kabisa.

Hatua ya 2: Gamla stan, saa mbili asubuhi
Huu ndio mji mkongwe, kisiwa cha kwanza, wahi kabla makundi hayajafika. Vichochoro vyake mtu wa Lamu hatashangaa, kimoja kinaitwa Mårten Trotzigs gränd, palipobana zaidi ni sentimita 90, mkikutana na mwenye begi mmoja wenu anarudi nyuma. Ukitokea uwanja wa Stortorget litazame jengo la Börshuset, humo ndimo lilimotangazwa jina la Abdulrazak Gurnah tarehe 7 Oktoba 2021, Nobel ya fasihi, mzaliwa wa Zanzibar jamani! Mimi nikipita pale nasisimka mpaka leo. Makumbusho ya Nobel iko jengo hilohilo.

Hatua ya 3: Boti
Shuka kwa miguu mpaka gati la Slussen upande boti namba 82 kwenda Djurgården. Kaa nje. Zile boti za watalii za bei mbaya achana nazo, mandhari ya mji unayapata hapahapa kwa nauli ya kawaida.

Hatua ya 4: Vasa
Hapa usiwe na haraka, tenga saa mbili. Hii ni makumbusho hukohuko Djurgården, na Vasa yenyewe ni meli ya kivita ya mwaka 1628, ilitweka tanga siku ya kwanza ikaenda kama mita 1,300 tu ikazama hapohapo bandarini watu wanatazama, maana juu ilikuwa nzito kwa mizinga na chini nyembamba, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga. Ikalala chini miaka 333 mpaka ilipoinuliwa 1961. Sisi wa pwani tunajua mbao zinavyoliwa baharini, ndiyo maana majahazi yanapakwa deheni, lakini bahari ya Baltiki chumvi yake ni kidogo mno, wale wadudu hawaishi, kwa hiyo meli ni nzima, mpaka nyuso za simba zilizochongwa unaziona. Panda ghorofa za juu uitazame tezi, yaani nyuma ya meli, kwa karibu. Ndani kuna baridi, beba sweta.

Hatua ya 5: Jioni Monteliusvägen
Ni njia ya miguu juu ya mwamba, kisiwa cha Södermalm. Unauona mji wote na Stadshuset, jumba la halmashauri ya jiji, ng'ambo ya maji. Bure.

MASWALI YA WADAU

Swali: Kaka asante sana, vipi chakula, nasikia bei zinaua?
Jibu: Kula mchana dada yangu, siku za kazi mahoteli yanaweka "dagens lunch" kuanzia kama saa tano, sahani pamoja na saladi, mkate na kahawa, usiku chakula kama hicho bei inapaa. Maji ya bomba ni safi, beba chupa.

Swali: Assalaam alaykum, sala nitaswali wapi?
Jibu: Wa alaykum salaam shehe, shuka Medborgarplatsen, msikiti uko jirani tu na stesheni, zamani jengo lilikuwa kituo cha umeme. Na ni Södermalm hukohuko, unaunganisha na hatua ya 5.

Swali: Nina saa kumi za kusubiri ndege Arlanda, naweza kutoka?
Jibu: Kwa pasi ya Tanzania au Kenya lazima uwe na viza ya Schengen, bila hiyo hutoki. Ukiwa nayo, treni ya kasi ni dakika kama 20 ila ghali, basi ni nafuu. Fanya hatua ya 2 na ya 4 tu, urudi mapema.

Swali: Mimi naenda Desemba, ratiba ni hii hii?
Jibu: Hapana, geuza. Jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo Monteliusvägen nenda saa saba ukiwa na viatu visivyoteleza, Vasa iache ya mwisho maana ni ndani.