Jinsi ya kufunga turubai la kampavani lisifunguke ukiwa safarini

Tulikuwa tumepita Isinya tukielekea Namanga, mpakani na Tanzania, naendesha kampavani (gari lenye chumba cha kulala) ya mteja iliyokuja kwa meli kutoka Marekani. Ubavuni ilikuwa na turubai, kile kitambaa cha kivuli kinachokunjwa kwenye bomba na kushikiliwa na mikono ya chuma. Sehemu ile haina mti wala jengo la kukinga upepo, unakupiga ubavuni bila kizuizi. Kijana ninayefanya naye kazi akaniambia, “Mzee, turubai linapumua.” Nikatupa jicho kwenye kioo cha kulia nikaona kitambaa kimejaa hewa kama shavu la mtu anayepuliza moto. Kabla sijaondoa mguu kwenye mafuta, mkono wa nyuma ulikuwa umeshachomoka na kutokeza upande wa lori lililokuwa likija. Dereva wa lori alikuwa macho, akalitoa lori kwenye lami akatupisha. Namshukuru mpaka leo.

Asubuhi ile nilikuwa nimelikagua turubai, ila kwa macho tu. Komeo lilionekana limefungwa, kumbe ulimi wake haukuwa umeingia kwenye tundu. Tangu siku hiyo, gari lolote linalotoka gereji kwangu hufungwa kwa hatua hizi.

Kwanza uelewe kinachotokea. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, inakuwa mara nne. Ukienda 80 huku upepo wa 30 ukikujia usoni, turubai linapigwa na upepo wa 110, na nguvu inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya siku tulivu. Hewa inayopita kasi juu ya kitambaa hukivuta nje, kikishapata nafasi ya vidole viwili kinageuka tanga, nalo tanga huzungusha bomba lililokunjiwa kitambaa. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kuzuia ile nafasi ya kwanza. Ukitaka kujua ni wapi upepo hautakuhurumia, angalia palipojengwa mitambo ya umeme wa upepo: milima ya Ngong iko hapa karibu, na kule kaskazini, njia ya Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo 365.

Jambo jingine linalosahaulika ni upande. Magari ya Marekani na mengi ya bara Ulaya yana mlango na turubai upande wa kulia, kwa sababu kwao upande huo ndio wa ukingo wa barabara. Hapa Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo turubai hilohilo linatazama katikati ya barabara. Likifunguka lote linafika kama mita 2.4, yaani linameza njia ya anayekuja. Kama gari lako ni la namna hiyo, usiruke hatua hata moja.

Hatua ya 1: Jua aina ya turubai lako

Kuna aina tatu ninazoziona hapa Nairobi. Ya kwanza ina bomba lililo wazi na mikono miwili iliyolala ubavuni mwa gari, nayo ndiyo hatari kuliko zote. Ya pili hujikunja ndani ya boksi la alumini na kuzungushwa kwa hendeli. Ya tatu ni ile ya mfuko wenye zipu inayofungwa kwenye karia za Land Cruiser za safari.

Hatua ya 2: Likunje upya kabla ya safari

Lifungue lote, pangusa majani na mchanga, kisha likunje polepole kitambaa kikiwa kimenyooka. Likikunjwa kwa kulegea, bomba linanenepa na halikai mahali pake. Kwa turubai la boksi, ubao wa mbele lazima uingie na kukaa sawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Pitisha kidole kwenye ule mstari. Kidole kikizama upande mmoja, fungua urudie; usiongeze nguvu kwenye hendeli, maana utavunja gia na boksi litabaki wazi vilevile.

Hatua ya 3: Shika kila komeo

Kwenye aina ya mikono, hakikisha kifungio cha bomba kimewekwa upande wa kukunjia, sio wa kufungulia. Halafu shika kila mkono, uvute kuelekea kwako kwa nguvu ambayo ungetumia kufungua mlango wa gari uliokwama. Mkono ukicheza, komeo halijaingia. Mara nyingi utakuta kutu au tope kwenye tundu. Safisha kwa brashi ya waya, weka mafuta kidogo, ujaribu tena.

Onyo moja: ndani ya bomba la aina hii kuna springi iliyobanwa sana. Usifungue kifuniko cha mwisho wa bomba wala kung'oa mkono kabla springi haijazuiwa kwa pini. Ikikuponyoka inazunguka kwa kasi ya kuvunja vidole.

Hatua ya 4: Funga mkanda usiotegemea komeo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine. Komeo la kiwandani ni kizuizi kimoja, na kizuizi kimoja hakitoshi kwa barabara zetu. Unahitaji mkanda wa bapa wa poliesta, upana wa milimita 25, wenye bizimu la kubana. Usitumie mpira wa tyubu. Najua unafunga mizigo vizuri na unapatikana kila kona, lakini mpira unavutika, nasi tumesema adui wetu ni ile nafasi ya vidole viwili. Naila nayo hulegea ikilowa. Poliesta haivutiki sana na inastahimili jua vizuri zaidi.

Zungushia mkanda mmoja kwenye kila mkono, karibu na bomba iwezekanavyo, ukishika kwa pamoja ule mkono wa nje na ule uliopigwa bolti kwenye bodi. Kuufunga mkanda katikati ya bomba peke yake hakusaidii, kwa sababu ncha ndizo huanza kuchomoka. Bana hadi usiweze kupenyeza kidole, kisha acha. Ukizidisha, alumini inapinda.

Kabla ya kubana, usokote mkanda mzunguko mmoja kwenye sehemu iliyo hewani. Mkanda ulionyooka hutetemeka kwenye upepo, unavuma kama nyuki safari nzima na kujilegeza wenyewe, ukiusokota unanyamaza. Mkia unaobaki uukunje na kuufunga, usiachwe ukichapa rangi ya gari.

Chagua mkanda mwekundu ili uuone kwenye kioo ukiwa unaendesha.

Hatua ya 5: Kama linaendeshwa na mota

Watu wengi huniambia, “Fundi, langu haliwezi kufunguka, gari likiwaka swichi inajizima.” Ni kweli swichi inajizima, lakini ile inamzuia mtu kubonyeza. Upepo haubonyezi swichi. Kinachoshikilia turubai ni breki iliyo ndani ya mota, nayo huchakaa. Dalili yake ni turubai linaloshuka kidogo kidogo lenyewe gari likiwa limeegeshwa. Ukiona hivyo, mota itengenezwe kabla ya safari. Chomoa fyuzi yake ukiwa njiani, na mikanda ya hatua ya 4 ifungwe palepale. Kisha ning'iniza kitambaa chekundu kwenye swichi, ili ukifika kambini usibonyeze mikanda ikiwa bado imefungwa ukaunguza mota.

Hatua ya 6: Turubai la mfuko kwenye karia

Tazama zipu ikiwa imefungwa: kichwa chake kimeishia mbele au nyuma ya gari? Kikiishia mbele, upepo unakisukuma nyuma na kufungua mfuko. Kiishie nyuma. Kama mfuko haukubali, funga kichwa cha zipu kwenye tundu la mfuko kwa kebo tai. Vumbi ndilo linaloua zipu, kwa hiyo isugue kwa mswaki mkavu, kisha upitishe mshumaa kwenye meno yake.

Bolti za braketi nyingi ni za spana ya 13. Weka nati zenye plastiki ndani, zinapatikana Kirinyaga Road. Ukishakaza, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye braketi. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Dereva anayetoka Namanga kwenda Amboseli kwenye ile barabara ya mawimbi ya murram anaweza kukagua braketi zote nne kwa dakika moja, bila spana.

Hatua ya 7: Kagua njiani

Simama baada ya kilomita 20 za kwanza, kisha kila unapotia mafuta. Vuta kila mkono, gusa kila mkanda.

Likifunguka gari likienda

Usikanyage breki kwa ghafla wala kukata kona. Ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za dharura, sogea kushoto taratibu mpaka utoke kwenye lami. Weka laifseva zako (pembetatu za kuonya) mbele na nyuma, mbali vya kutosha. Usisimame chini ya mkono ulioning'inia, upepo wa lori linalopita unaweza kuuangusha. Kama bomba bado linaweza kuzungushwa, mnakunja wawili, kila mtu upande wake, na kufunga kwa mikanda ya akiba. Kama mkono umepinda, usilazimishe springi. Funga kila kitu kwa kamba ya manila kwenye karia, uende 40 hadi kwa fundi.

Mikanda yangu huiandika mwezi na mwaka kwa kalamu isiyofutika siku ninapoifunga. Ikitimiza miaka miwili juani naikata vipande vipande kabla ya kuitupa, ili kijana mwingine asiiokote akamfungia mteja.