Pua ya kichanga ikiziba: maji ya chumvi kabla ya kunyonya

Baridi hii ya Julai huku Arusha, ukichanganya na vumbi, vichanga wanakoroma na nyumba nzima inakesha. Nunua duka la dawa matone ya pua ya maji ya chumvi, asilimia 0.9, yasiyo na dawa nyingine ndani. Mlaze chali, dondosha tone 1 au 2 kila tundu, subiri kama dakika moja. Kamasi lililokauka linalainika, anapiga chafya, unafuta. Kama una kile kibomba cha mpira, kibinye kikiwa nje ya pua, ingiza ncha kidogo tu, kisha achia polepole. Usikitumie kila saa; pua huvimba ndani ikaziba zaidi.

Fanya kabla ya kunyonyesha. Kichanga hupumua zaidi kwa pua, hivyo ikiziba anaachia titi kila mara, halafu halali kwa njaa. Ukimsumbua ameshashiba, atacheua tu.

Mafuta ya mentholi usimpake, hata bibi akisisitiza. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani: hewa yake inaua.

Kama pua imevimba tu bila kamasi, matone hayatasaidia sana. Akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, akigoma kunyonya au joto likifika 38, mpeleke hospitali usiku huohuo.